Kutafuta chembe ya Z kwa laptopu ya GB 4 ukiwa Tukuyu

Z ni chembe nzito isiyo na chaji, inayovunjika papo hapo kuwa chembe nyingine. Tangu Novemba 2014 CERN, maabara iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, imekuwa ikitoa bure data za migongano ya chembe. Wengi hukimbilia data ghafi, wakakwama siku ya kwanza: toleo la mwanzo la CMS, mtambo mmojawapo wa kunasa chembe hapo CERN, lilikuwa na TB 27, na hakuna bando litakaloziweza. Ingia opendata.cern.ch, andika "dimuon", chagua faili ya CSV ya mwaka 2010 yenye migongano 100,000 iliyotoa miuoni (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi) mbili mbili. Haifiki MB 30.

Ipakue kwa `wget -c`, ili mtandao ukikatika uendelee ulipoishia. Kisha linganisha alama yake ya adler32 (namba ya kuhakiki kuwa faili imefika nzima) na iliyoandikwa kwenye ukurasa wa faili. Ukiitoa kwa Python tumia `format(x, "08x")`. Ukitumia `hex`, sifuri za mwanzo hupotea na utadhani faili imeharibika.

Kama nyumbani mtandao ni wa kuvizia, beba programu kutoka Mbeya mjini kwa flashi. Mjini: `pip download pandas matplotlib -d mzigo`. Nyumbani: `pip install --no-index --find-links mzigo pandas matplotlib`. Kompyuta zote mbili ziwe na toleo moja la Python na mfumo endeshi mmoja. La sivyo pip itasema haikioni kifurushi, nawe unakiona kwenye folda.

Sasa kazi yenyewe. Bakiza mistari ambayo Q1 mara Q2 (chaji za miuoni hizo mbili) ni -1, maana Z ikivunjika kuwa miuoni hutoa moja chanya na moja hasi. Safu ya M ina uzito wa jozi kwa GeV (kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa uzito wa chembe), lakini ukokotoe mwenyewe kwanza:

M² = 2 · pt1 · pt2 · (cosh(eta1 − eta2) − cos(phi1 − phi2))

Hapo pt ni momenta ya miuoni kwenda pembeni mwa mhimili wa mgongano, eta na phi huonyesha mwelekeo wake. Phi iko kwa radiani. Ukiigeuza kuwa digrii unapata takataka. Kanuni hii inapuuza uzito wa miuoni, GeV 0.106. Kwenye Z huoni tofauti. Karibu na GeV 3 inaanza kuonekana kidogo.

Histogramu ndiyo inayowaangusha wengi. Ukigawa 2 hadi 110 katika vyumba 50 vinavyolingana, kila chumba kina upana wa zaidi ya GeV 2, na vilele vyembamba vinamezwa. Tumia `np.logspace(np.log10(2), np.log10(110), 300)`, na mihimili yote miwili iwe ya logi. Hapo chembe nyingine zinazovunjika kuwa miuoni zinajitokeza pia: J/psi inasimama kwenye 3.1, Upsilon kwenye 9.46 na ndugu zake wawili pembeni (mara nyingi wameshikana, usishangae), na Z karibu na 91.

Ukitaka wengine wairudie kazi yako, weka msimbo Zenodo (hifadhi ya bure ya kazi za utafiti mtandaoni) upate DOI, yaani namba ya kudumu ya kuirejelea kazi. Data usiipakie tena, ingawa leseni yake ya CC0 (matumizi huru kwa wote) inaruhusu: andika DOI yake, na toleo la pandas ulilotumia.