Namna ya kuingiza hitaji la kijiji katika bajeti ya Serikali

Mwanakijiji wa Chamwino au Bahi anayemfuata mbunge wake jijini Dodoma mwezi Juni ili amwombe kisima huwa amechelewa kwa miezi mingi. Ibara ya 99 ya Katiba ya Tanzania hairuhusu Bunge kushughulikia pendekezo la kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa pendekezo hilo limetolewa na Rais kupitia kwa Waziri. Mbunge anaweza kushika shilingi ya Waziri, yaani kuzuia fungu lake lisipitishwe, mpaka apewe maelezo, lakini kwa kuwa ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti, shilingi hiyo kwa kawaida huachiwa baada ya ahadi.

Anza, basi, kwa kujua hitaji lenu ni la nani. Barabara za vijijini zimo mikononi mwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) tangu 2017, na maji ya vijijini yako chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) tangu 2019, hivyo diwani mnayemlaumu kwa bomba kavu pengine hana fungu lolote la kulitengeneza. Zahanati na madarasa ni ya halmashauri.

Kisha lifikisheni jambo hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1 na Bunge la bajeti huketi kuanzia Aprili, msivuke mkutano wa mwisho kabla ya Desemba kwisha. Hapa ndipo vijiji vingi hujikwaa: watu husema kwa uchungu, wakashangiliwa, halafu muhtasari ukaandika tu kwamba “wananchi walilalamikia maji”. Hakikisheni umeandikwa uamuzi wenyewe, kitongoji kinachohusika, idadi ya kaya na mchango wa wananchi, iwe ni mchanga, mawe au nguvu kazi.

Mtendaji wa kijiji aupeleke muhtasari huo kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na nakala kwa meneja wa wilaya wa RUWASA au TARURA ikiwa jambo ni lao. Kutoka kata, mapendekezo hupanda hadi baraza la madiwani, ambamo mbunge naye ni mjumbe. Mfuateni wakati huo, mkiwa na muhtasari uliogongwa mhuri, kabla halmashauri haijapitisha rasimu yake.