Skripti ya fonti inamaliza bila kosa lakini fonti hazionekani? Angalia hapa

Kama skripti yako ya Linux inanakili fonti moja moja kwa `for` na `cp "$f" ~/.local/share/fonts`, kwanza hakikisha folda hiyo ipo. Isipokuwepo, `cp` hailalamiki: inatengeneza faili linaloitwa `fonts`, kisha kila fonti inayofuata inaifuta iliyotangulia. Unanakili fonti 12, inabaki moja tu, tena isiyo na .ttf wala .otf. Mimi nilihangaika jioni nzima kabla ya kupiga `ls -l` na kuona mstari unaanza na `-` (faili la kawaida) badala ya `d` (folda).

Futa faili hilo, kisha andika hivi:

```
mkdir -p "$HOME/.local/share/fonts"
for f in *.ttf *.otf; do
  [ -e "$f" ] || continue
  cp "$f" "$HOME/.local/share/fonts/"
done
fc-cache -f
```

Ule mkwaju (`/`) wa mwisho kwenye `fonts/` usiuache, ndio unaoilazimisha `cp` igome folda ikikosekana. Alama za kunukuu nazo ni lazima, maana majina ya fonti yamejaa nafasi. Ila usiandike `"~/.local"`: ndani ya nukuu `~` haifunguki, ndiyo maana nimetumia `$HOME`.

Na tafadhali usiiendeshe kwa `sudo`. Mara nyingi `$HOME` inageuka `/root`, fonti zinaenda huko, wewe huzioni.

Hakiki kwa `fc-list | grep -i ubuntu`, ukiweka jina la fonti yako badala ya `ubuntu`. LibreOffice ifunge na kuifungua upya.