Mashine ya kupima maji haioni maji

Mkulima akishalipia upimaji wa kisima, huuliza swali moja tu: maji yapo? Mashine haijui. Inachosoma ni ukinzani wa ardhi, yaani jinsi udongo na mwamba unavyozuia umeme kupita. Habari ya maji ni tafsiri ya mpimaji, na visima vingi vikavu huanzia kwenye tafsiri.

Kazi yenyewe unaweza kuifuatilia. Vyuma vinne hupigiliwa kwenye mstari ulionyooka: viwili vya nje hupitisha umeme, viwili vya kati hupima volti. Vya nje vikisogezwa mbali, umeme huzama zaidi. Kwa makadirio, kina kinachosomeka ni robo hadi theluthi ya umbali kati yao. Aliyenyoosha waya mita 100 tu hana la kukwambia kuhusu mita 80 chini.

Ardhi ikiwa kavu, chuma hakishiki na namba hurukaruka. Mwagia maji kila kinapopigiliwa. Mstari usiandamane na seng'enge wala bomba la chuma lililofukiwa. Umeme hupenda njia hizo, usije ukachimba bomba lako mwenyewe ukidhani umepata mkondo.

Sasa namba. Granaiti nzima isiyo na nyufa husoma maelfu ya omu-mita, kipimo cha ukinzani. Iliyooza, au yenye nyufa zilizojaa maji, hushuka hadi mamia au makumi. Basi watu hukimbilia namba ndogo kuliko zote, na hapo ndipo wanapopotea: udongo wa mfinyanzi nao husoma chini sana, na maji ya chumvi chini zaidi. Mfinyanzi umelowa kweli, ila maji yake hauyaachii. Dawa yake ni kumwomba mpimaji aanze kando ya kisima cha jirani kinachotoa maji matamu, kisha alinganishe. Akikataa bila sababu, mimi ningetafuta mwingine.

Dai grafu na kina cha kila tabaka, si kidole kinachoonyesha mahali. Akikutajia lita kwa saa, usimwamini. Hizo hujulikana kisima kikishachimbwa na kujaribiwa kwa pampu.

Kigingi cha alama kipigilie mwenyewe, ukilinde. Siku ya kuchimba, dereva wa mtambo ataomba asogee kidogo, pale lori linaposimama vizuri. Kwenye mwamba wenye nyufa, mita chache tu zinatosha kuukosa ufa.