Kabla gari lako la zamani halijapanda lori

Ukisafirisha gari la zamani, tuseme Peugeot 504, kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa lori la kubeba magari, simama pale pale wakati linafungwa. Hatari kubwa ni mnyororo. Utingo aliyezoea magari mapya hutafuta tundu la kufungia. Asipoliona, ananasa ndoano kwenye fimbo ya stelingi au karibu na bomba la breki, kisha anakaza. Safari ni takriban kilomita 480, na kila tuta linavuta hapo hapo. Mwombe atumie mikanda inayoshika matairi, ili gari licheze kwenye springi zake bila bodi kuvutwa.

Usikubali liwekwe chini ya gari linalovuja. Maji ya breki yakidondokea rangi huibabua, na kupata rangi inayofanana na ile ya zamani ni kazi kweli kweli.

Lioshe kwanza, ulipige picha mchana: bampa, vioo, kingo za chini za milango. Kila mchubuko uandikwe kwenye hati ya mzigo na dereva aweke sahihi. Mafuta robo tanki yanatosha. Waya wa betri utolewe likishapanda.

Bima nayo usiulize tu kama ipo. Uliza itafidia kwa thamani gani, na thamani hiyo iandikwe kabla ya safari. Gari la 1974 likihesabiwa kama chakavu, fidia yake haitatosha hata kuchonga bampa jipya.