Taa ya eabegi ikikataa kuzimika: anza hapa kabla hujatoa pesa

Mwalimu mmoja wa Njoro aliniletea Fielder yake hapa Nakuru, taa nyekundu ya eabegi (mfuko wa hewa unaojaa gari likigongana) ikiwaka kwenye dashibodi: ile alama ya mtu aliyeketi na puto mbele ya kifua. Alikuwa ameshanunua eabegi ya usukani ya mtumba kwa shilingi 12,000, kwa sababu aliambiwa "taa ya eabegi ni eabegi." Kumbe ni soketi iliyolegea chini ya kiti cha dereva. Nilimtoza 1,500 za kusoma kompyuta, na ile eabegi bado iko stoo kwake, karibu na magunia ya mbolea.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Nitakueleza ninavyolifuata tatizo hili, nikianza na yale yasiyokugharimu kitu.

Hatua ya 1: Fungua swichi uhesabu

Usiwashe injini. Geuza ufunguo mpaka taa zote za dashibodi ziwake; kwa gari la kitufe, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Hesabu polepole. Kwenye Toyota nyingi taa ya eabegi hukaa kama sekunde sita kisha huzimika, maana yake kompyuta imekagua waya zake na kuridhika. Ikibaki inawaka, au ikizimika kisha ikakurudia njiani, imeona hitilafu. Gari litaenda vizuri tu, mafuta yale yale, nguvu zile zile, ndiyo maana watu huizoea taa hiyo miaka na miaka. Lakini kompyuta ikishaona hitilafu, huenda eabegi zisifunguke siku ya kugongana.

Kuna hali ya tatu, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi: taa haiwaki kabisa, hata kwa hizo sekunde. Huenda mtu amechomoa balbu. Mwenye ujanja zaidi huiunganisha na taa ya betri au ya oili ili ziwake na kuzimika pamoja. Kwa hivyo ukienda kununua gari la mtumba, hakikisha taa ya eabegi inazimika yenyewe, kwa wakati wake, kabla injini haijanguruma. Ikingoja injini iwake ndipo izimike pamoja na ile ya betri, shukuru muuzaji, rudi nyumbani.

Hatua ya 2: Gari lilifanywa nini wiki hiyo?

Swali hili limenitatulia magari mengi kuliko mashine yoyote. Ulipeleka kuoshwa ndani? Waya za eabegi za pembeni na za mishipi ya usalama hupita chini ya viti, na mtu akisukuma kiti mbele na nyuma huku akivuta kapeti, soketi hulegea. Ulibadilisha redio? Ulivalisha viti vifuniko vipya? (Kama kiti chako kina kile kitambaa kidogo cha ubavuni chenye herufi SRS, eabegi iko humo ndani, na kifuniko kilichobana kitaizuia kutoka.) Betri iliisha ukasaidiwa na gari la jirani? Umeme ukishuka sana, kompyuta huweza kuandika hitilafu ambayo haipo.

Maji nayo. Kwenye magari mengi kompyuta ya eabegi imefungwa sakafuni katikati, karibu na gia. Wenzangu wa Kisumu hukutana na magari yaliyoingia maji msimu wa mafuriko, yakakaushwa kapeti juujuu, kisha taa ikawaka miezi baadaye kutu ilipofika kwenye pini. Gari la namna hiyo halitengenezwi kwa kufuta kumbukumbu ya kompyuta. Litakurudishia taa hiyo mpaka uchoke.

Hatua ya 3: Toa betri ndipo uguse

Waya na soketi za eabegi ni za manjano. Rangi hiyo imewekwa ili ukiiona usimamishe mkono. Ukitaka kukagua chini ya kiti:

1. Funga swichi, toa ufunguo.
2. Ondoa waya wa hasi wa betri.
3. Ngoja. Toyota hutaka angalau sekunde 90, Nissan dakika tatu. Mimi hungoja dakika kumi, nikanywe chai, kwa sababu kompyuta hutunza umeme wa akiba wa kufungulia eabegi hata betri ikikatika.
4. Sukuma kila soketi ya manjano mpaka isikike "tak". Yenye ukijani wa kutu, isafishe kwa dawa ya kusafishia umeme na uiache ikauke.
5. Rudisha betri, urudie hatua ya 1.

Usichomoe soketi ya manjano swichi ikiwa wazi. Ukifanya hivyo, unaandika hitilafu mpya juu ya ile ya zamani. Na usipime eabegi yenyewe kwa mita ya kupimia waya. Mkondo mdogo wa mita unaweza kuilipua, na eabegi hujaa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Uso wako ukiwa juu ya usukani wakati huo, hospitali ni lazima.

Soketi ikikaa vizuri, huenda taa ikabaki mpaka kumbukumbu ifutwe kwa mashine. Hilo ni la kawaida.

Hatua ya 4: Soma misimbo, kwa mashine inayofaa

Misimbo ni alama za hitilafu ambazo kompyuta huziandika; gereji tunaiita kodi, lakini hii haina landlodi. Misimbo ya injini huanza na P. Ya eabegi huanza na B. Kile kidude cha bei rahisi cha bluetooth unachochomeka chini ya dashibodi husoma injini, mara nyingi eabegi hakiioni. Kikikuambia "hakuna hitilafu" huku taa inawaka, hakijadanganya; hakikuulizwa.

Omba kuona skrini na uipige picha. Msimbo utakuambia ni saketi (njia ya umeme) gani: eabegi ya dereva, ya abiria, mshipi, au sensa ya mbele, yaani kifaa cha kuhisi mgongano. Haukuambii kwamba kifaa chenyewe kimekufa. "Saketi ya dereva imekatika" yaweza kuwa eabegi, soketi, waya, au kile nitakachokieleza sasa, ambacho ndicho kwa kawaida.

Hatua ya 5: Klokispringi

Nyuma ya usukani kuna kidude cha duara chenye utepe wa waya uliojiviringisha ndani, kinachopitisha umeme usukani ukizunguka. Utepe huo huchoka. Dalili zake ni tatu: honi inakufa au inalia kwa kuchagua, vitufe vya redio kwenye usukani vinagoma, na unasikia mkwaruzo ukikata kona. Honi ikifa wiki moja na taa ya eabegi ikawaka, sihitaji kufikiri sana.

Cha mtumba kutoka Japani kwa Vitz au Fielder huwa nakipata kwa 4,000 hadi 6,000, na kazi 2,000. Lakini mkazanie fundi kuhusu jambo moja: magurudumu yawe yamenyooka, na klokispringi iwekwe katikati. Kwenye Toyota nyingi huizungusha taratibu kinyume cha saa mpaka ikaze, kisha unairudisha takriban mizunguko miwili na nusu hadi alama zikutane. Nikiwa mwanagenzi niliifunga bila kuhesabu. Mteja alitoka getini, akakata kona ya kulia mpaka mwisho, nikasikia utepe ukikatika nikiwa nimesimama pale pale. Niliilipa kutoka mfukoni mwangu.

Hatua ya 6: Kama eabegi zilishafunguka

Hapa hesabu hubadilika. Eabegi hutumika mara moja. Mshipi wenye kijilipuzi cha kukaza nao huisha, na kompyuta hufunga kumbukumbu ya ajali. Kwa hivyo bili ni eabegi za mbele, mishipi, kompyuta, sensa, na mara nyingi dashibodi nzima. Kwa Vitz ya zamani nimeona orodha hiyo ikikaribia bei ambayo mwenye gari angepata akiliuza.

Ukiwa na bima kubwa, hakikisha mtathmini ameandika mishipi na kompyuta kabla hujatia sahihi. Wengi huandika bampa na taa. Bima ya mtu wa tatu haikulipii gari lako, basi usipoteze nauli kwenda kuuliza.

Ukipewa bei nusu ya wengine, uliza wanaweka nini. Kuna wanaofunga kirisista kidogo, kipande cha kuzuia umeme, mahali pa eabegi. Kompyuta inaona saketi imekamilika, taa inazimika, na nyuma ya kifuniko cha usukani hamna kitu. Omba uone eabegi kabla haijafungwa.

Mimi sifungi eabegi ya mtumba nisiyojua gari lilikotoka. Sababu mojawapo ni Takata, kampuni ya Japani iliyofilisika mwaka 2017 baada ya mamilioni ya eabegi zake kuitwa zirudishwe. Unga wake wa kulipulia huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na kopo la chuma hupasuka na kurusha vipande. Magari mengi ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na Subaru yalikuwa nazo. Mfumo hauwezi kuona unga ulioharibika, kwa hiyo taa itazimika kwa sekunde sita zile zile. Kinachoweza kukujulisha ni namba ya chasisi: iingize kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa kukagua magari yaliyoitwa kurekebishwa. Gari likiwa limezeeka kwenye joto la Kisumu, fanya hivyo leo.

Hatua ya 7: Kulichukua gari

Kumbukumbu ikishafutwa, fungua swichi uhesabu tena. Kisha endesha. Zungusha usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, pita barabara yenye mashimo (hapa kwetu huitafuti), sogeza viti mbele na nyuma. Zima, washa, hesabu. Chukua kifaa cha zamani uende nacho, na hifadhi ile picha ya msimbo kwenye simu. Taa ikirudi ndani ya wiki, soma upya: msimbo ukiwa ule ule, fundi hakumaliza kazi; ukiwa mwingine, hiyo ni saketi nyingine na ina bili yake.