Namna ya Kununua Kampuni ya Utalii na Kuamua Hatima ya Jina Lake

Mfanyabiashara wa Arusha au Moshi anayetaka kukua kwa kununua kampuni ya mwenzake mara nyingi huanza na jina: jipya liwe lipi, nembo iwe na rangi gani, magari yapakwe lini. Kwa maoni yangu, huko ni kuanzia mwisho. Wawekezaji walioongozwa na Axian walikamilisha ununuzi wa mtandao wa simu wa Tigo Tanzania mwaka 2022, lakini jina lake jipya la Yas halikutangazwa hadi Novemba 2024. Kampuni ya hoteli ya Marriott nayo ilipoinunua Starwood, mmiliki wa hoteli za Sheraton, mwaka 2016 haikulifuta jina la Sheraton, kwa sababu jina hilo lilikuwa sehemu ya kile ilichokilipia.

Amua kwanza kama unanunua hisa au mali. Ukinunua hisa, kampuni inabaki ileile pamoja na namba yake ya mlipakodi (TIN), leseni na mikataba yake, ingawa inafaa kusoma kila mkataba kuona kama unadai ridhaa mmiliki anapobadilika. Na madeni yote, hata usiyoambiwa, yanabaki humo. Ukinunua mali, unachukua magari, mahema na alama ya biashara, lakini leseni, ikiwamo ile ya biashara ya utalii (TALA), utaziomba mwenyewe.

Deni linaloumiza zaidi katika biashara ya safari halionekani kwa urahisi kwenye vitabu, nalo ni malipo ya awali ya wageni. Mgeni atakayeshuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) mwezi Agosti huenda alilipa sehemu ya gharama tangu mwaka uliopita, na kama mmiliki wa zamani ameshaitumia fedha hiyo, wewe ndiye utakayelipia kambi, viingilio vya hifadhi na mshahara wa dereva kwa safari ambayo mapato yake hukuyaona. Kwa hiyo dai orodha ya safari zote zilizowekwa, ilinganishe na taarifa za benki mstari kwa mstari, kisha kila shilingi iliyopokelewa kwa safari ambayo bado haijafanyika ipunguze bei ya ununuzi. Sehemu ya bei, nakushauri, ilipwe baada ya msimu mmoja kupita salama. Muuzaji asiyekubali hata kulizungumza jambo hilo anastahili kuchunguzwa upya.

Kodi nayo isisahaulike. Umiliki ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka mitatu, sheria ya kodi ya mapato huichukulia kampuni kana kwamba imeuza mali zake, na mzigo huo unaweza kuiangukia kampuni ambayo sasa ni yako. Aidha, mali au mauzo ya pande zote mbili kwa pamoja yakifikia shilingi bilioni 3.5, kiwango kilichowekwa mwaka 2017, Tume ya Ushindani lazima ipewe taarifa kabla ya kukamilisha ununuzi.

Sasa jina. Libadilishe pale tu linapokuzuia, kwa mfano unapokosa haki ya kulitumia. Barclays ya Uingereza ilipopunguza hisa zake barani Afrika, benki zake zililazimika kuliacha jina hilo, na Tanzania ikawa Absa mwaka 2020. Mtandao wa Celtel uligeuzwa Zain mwaka 2008, ukawa Airtel mwaka 2010. Kampuni kubwa ziliweza kugharimia matangazo mawili makubwa ndani ya muda mfupi hivyo, lakini kampuni yenye magari sita haiwezi.

Ukiamua kubadili, hifadhi kwanza jina jipya kwa msajili wa kampuni, BRELA, pitisha azimio maalumu la wanahisa, na usajili alama ya biashara, ambayo kwa Tanzania Bara hulindwa miaka 7 ya mwanzo na baadaye huhuishwa kwa miaka 10. Alama ya zamani iendelee kuwa mali yako, mwingine asije akaichukua. Tovuti ya zamani ielekeze wageni kwenye mpya, na kwa msimu mzima barua pepe na ankara zibebe majina yote mawili, kwa kuwa wakala wa Ujerumani anayekuta jina geni kwenye ankara atasita kutuma fedha.

Magari yapakwe Aprili na Mei, wakati wa masika, kambi nyingi zinapofungwa na magari mengi yakiwa gereji.