Namna ya Kuupima Mpango wa Kupunguza Uzito kwa Homoni Kabla ya Kuuanza

Ukiahidiwa kupungua uzito kwa homoni, anza kwa kuuliza ni homoni gani, kwa kuwa zinazouzwa kwa jina hilo hazilingani hata kidogo. Mara nyingi jibu huwa ni hCG, homoni inayotengenezwa na kondo la nyuma, ile ile ambayo kipimo cha mkojo huitafuta ili kutambua mimba. Mpango wake ulianzishwa na daktari Mwingereza aliyefanya kazi Rome, Albert Simeons, ambaye mwaka 1954 aliandika katika jarida la The Lancet kwamba sindano ndogo ya kila siku, ikiambatana na chakula cha kalori 500, huondoa mafuta bila mgonjwa kuteswa na njaa.

Kabla ya kutoa fedha, shika kalamu upige hesabu. Mtu ambaye mwili wake hutumia kalori 2,000 kwa siku, akila 500 tu, hupungukiwa na kalori 1,500 kila siku, yaani 39,000 kwa siku 26. Na kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700, atapoteza karibu kilo tano, mbali na maji na misuli. Kilo hizo zimetolewa na njaa, na homoni haina mchango wowote ndani yake. Majaribio yamethibitisha hivyo: waliodungwa maji ya chumvi bila kujua walipungua sawa na waliodungwa hCG, na uchambuzi wa tafiti 24 uliochapishwa mwaka 1995 haukuona ushahidi kwamba homoni hiyo hupunguza uzito au hutuliza njaa.

Soma pia lebo. Nchini Marekani hCG ni dawa halali ya baadhi ya matatizo ya uzazi, lakini lebo yake hutakiwa kueleza wazi kwamba haijathibitika kutibu unene, na mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, iliyaonya makampuni yaliyouza matone ya hCG bila cheti cha daktari. Matone hayo ni kichekesho, kwani hCG ni protini, na ikimezwa humeng'enywa kama protini nyingine yoyote.

Madhara yake yatazame kwa pande mbili. Kula kalori 500 kwa majuma kadhaa bila usimamizi wa daktari huweza kuleta vijiwe vya nyongo, kuvuruga chumvi za damu na kuharibu mwendo wa mapigo ya moyo. Sindano nayo imehusishwa na damu kuganda kwenye mishipa, maumivu ya kichwa, huzuni, na ovari kuvimba kupita kiasi. Vidonge vya homoni ya tezi ya thairoidi, ambavyo wengine huvitumia kwa lengo hilo hilo, ni hatari zaidi kwa moyo wa mtu ambaye tezi yake ni nzima.

Usichanganye hayo na dawa zinazoiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, kama semaglutide, ambazo kweli hupunguza hamu ya kula. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, watumiaji walipungua wastani wa asilimia 15 hivi ya uzito wao kwa majuma 68. Hata hizo huandikwa na daktari, huleta kichefuchefu na kutapika, na uzito mwingi hurudi dawa ikiachwa.

Ikiwa tayari umeanza hCG, usingoje dozi iishe: acha, na uwahi hospitali ukiona mguu mmoja umevimba, tumbo linajaa ghafla, moyo unadunda ovyo, au unaumwa chini ya mbavu za kulia. Ukifika, taja sindano hizo kabla ya kupimwa, kwa sababu kipimo kinaweza kuonyesha mimba ambayo haipo.